Mvua haikatiki Somerset: nani huenda kutazama ndege na kupanda vilima majira haya ya baridi?

BintiPangani

Shikamoo wakubwa, na wenzangu habari za zamu.

Mimi ni muuguzi, nimetokea Pangani, naishi Taunton, mji wa Somerset huku kusini magharibi mwa Uingereza, mwaka wa pili sasa. Msimu wa baridi uliopita nilijifungia ndani. Naingia kazini giza, natoka kazini giza, siku ya mapumziko nimelala na pazia limefungwa kwa sababu nje mvua. Ilipofika Februari nikawa nalia nikiosha vyombo, na sijui nalilia nini. Mwaka huu sitaki yanikute tena.

Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, mtu wa mashambani, aliniuliza kama nimeshawaona kwezi wa hifadhi ya Ham Wall wakienda kulala. Nikamwambia bado. Akanishika mkono, akasema nisije nikahama Somerset kabla sijawaona. Tangu siku hiyo neno lile limenikaa.

Basi mwezi wa kumi nikajaribu kutembea peke yangu. Nilivaa jinzi na raba, nikafuata kibao cha njia ya miguu kando ya barabara. Dakika ishirini tu tope limenifika kwenye vifundo, jinzi imeloa mpaka mapajani na imekuwa nzito kama gunia la chumvi. Akatokea mwanamume na mbwa wawili, akaniuliza kama nimepotea, kwa sauti ambayo sikuipenda. Kisha nikasikia milio ya bunduki, tena karibu. Nikarudi mbio.

Naomba mnielekeze. Sina gari. Nina siku mbili kwa wiki, mara nyingi katikati ya wiki. Nianzie wapi, nivae nini bila kumaliza mshahara, zile bunduki ni za nini, na mwanamke mweusi peke yake usalama wake ukoje huko mashambani? Na vilima je? Vya Quantock naviona kutoka dirisha la kazini, siku ukungu ukifunguka. Nimevitamani.

MzeeWaKipini

Marahaba mwanangu. Mimi nimeendesha basi huku miaka kumi na tisa, na siku zangu za mapumziko nyingi nimezimalizia kwenye matete. Nitaandika kirefu, univumilie.

Nianze na hiyo mvua, maana ndiyo unayoikimbia.

Mimi ni mtu wa delta ya Mto Tana. Nimekulia penye nchi tambarare, maji yanapanda, maji yanashuka, ng'ombe wanafuata majani. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwenye Somerset Levels niliijua ile nchi kabla hatujasimamisha gari. Ni nchi ya aina ile ile, ila imechimbwa mifereji na kuwekewa milango ya kuzuia maji. Sehemu nyingi ziko chini kuliko bahari inapojaa, na pale mto Severn unapoingia baharini maji hupanda na kushuka hadi karibu mita 14, miongoni mwa maji makubwa kabisa duniani. Bahari ikijaa, milango inafungwa isije ikaingia mitoni. Sasa mvua iliyonyesha vilimani inateremka, inakuta mlango umefungwa, inatandaa mashambani. Msimu wa 2013 kuingia 2014 ilitandaa wiki kwa wiki, kijiji cha Muchelney kikawa kisiwa na watu wakivushwa kwa mashua. Nilikuwa naishi Bridgwater wakati huo. Niliwaona wakulima wakihamisha ng'ombe usiku, na sitaki mtu ayachukulie mafuriko yale kama mandhari.

Lakini mwaka wa kawaida, maji ya kimo cha goti juu ya majani ndiyo riziki ya ndege. Fikiria ndege anayekula kwa kuchoma mdomo ardhini. Huko Urusi na nchi za Skandinavia, Desemba ardhi imekuwa jiwe. Mdomo hauingii. Hapa upepo unatoka Atlantiki, umebeba mvua, na umebeba vuguvugu vilevile. Tope linabaki laini karibu msimu mzima, mnyoo yuko palepale karibu na juu. Mahali unapopaona wewe pa baridi, kwake yeye ni pa joto. Amevuka bahari usiku kucha kupafuata. Barafu ikishika kweli, siku kumi mfululizo, utaona mashamba yamebaki matupu, wengi wamesogea kusini na magharibi. Kwa hiyo usingoje siku kavu ndipo utoke. Siku ya manyunyu, upepo mdogo, ndiyo siku yenyewe.

Sasa Ham Wall. Ni hifadhi ya RSPB, shirika la kulinda ndege, iko kati ya Ashcott na Meare, magharibi ya Glastonbury. Zamani palikuwa machimbo. Wenyeji walichimba ule udongo mweusi wa mimea iliyooza, wakiuanika na kuuchoma kama kuni, na baadaye ukauzwa kwa ajili ya bustani. Machimbo yalipoisha yakabaki mashimo. Kuanzia 1994 wakaanza kuyageuza kuwa mabwawa ya matete. Njia yake ni tuta la reli ya zamani iliyofungwa 1966, kwa hiyo imenyooka, ni ngumu chini ya mguu, na haina mlima hata mmoja. Kwa mtu anayeanza hakuna pazuri kuliko hapo. Ng'ambo ya barabara ni Shapwick Heath, nayo hivyohivyo.

Ukiwa hapo jua kwamba si wewe wa kwanza kukanyaga. Karibu na hapo, mwaka 1970, mchimbaji alikuta ubao chini ya ule udongo mweusi. Ilikuwa njia ya mbao ya kuvukia kinamasi. Wataalamu walihesabu pete za miti wakaona ilikatwa mwaka wa 3807 au 3806 kabla ya Kristo. Karibu miaka elfu sita, watu wanatafuta namna ya kupita bila kulowa miguu!

Kwezi huanza kujaa Novemba, Desemba na Januari ndio wengi, Februari wanapungua. Wengi si wenyeji. Wanatoka Poland, Urusi, nchi za Baltiki. Kuna namba ya simu na barua pepe maalumu ya kwezi inayoeleza jana walilala upande gani, kwa kuwa huhamahama. Piga kabla hujatoka. Kisha uwe umeshasimama mahali pako ifikapo saa 9 alasiri, kwa sababu jua linazama saa 10. Sisi tunaosali tunaijua Desemba ya Uingereza vizuri: Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana ndani ya saa nne. Kwezi huja kati ya hizo mbili za mwisho.

Kwanza utaona kikundi kidogo, thelathini, hamsini, kinapita chini bila kusimama. Utadhani ndio hao, utasikitika. Kisha kingine kutoka upande wa vilima vya Mendip. Kingine. Wanaanza kuungana, na kwa mbali wanafanana na pilipili manga mtu aliyoitupa hewani. Wakipita juu ya kichwa chako nyamaza usikilize. Hawalii. Sauti ni ya mabawa, kama wimbi dogo linavyorudi nyuma likiburuta kokoto. Kozi akiingia kati, kundi zima linajikunja, upande mmoja unakuwa mweusi tititi na upande wa pili unapauka mpaka unaona mbingu kupitia kwao. Watafiti waliwapiga picha kwezi wa mji wa Rome, wakachapisha mwaka 2008 kwamba kila ndege anawafuata wenzake sita au saba tu walio karibu naye, bila kujali wako umbali gani. Hakuna kiongozi. Sita au saba tu, na maelfu kwa maelfu yanageuka pamoja.

Halafu ghafla wanamiminika. Matete yanapinda. Watu wengi hapo hukunja vitu vyao na kwenda kwenye magari. Wewe usiondoke. Kaa nusu saa gizani usikie wanavyosemezana.

Na ukimwona mmoja karibu, mtazame vizuri kwa darubini. Si kama kwezi wetu mwenye tumbo la rangi ya machungwa. Huyu ni mweusi mwenye kung'aa kijani na zambarau, na majira ya baridi amejaa vitone vyeupe. Vile vitone ni ncha za manyoya. Zinasagika kidogokidogo msimu mzima, mpaka kufika masika vingi vimekwisha, na manyoya ni yale yale.

Nina jambo jingine la kukuambia na nadhani ndilo litakalokugusa. Yangeyange wapo. Simsemi wa kufanana naye: ni yule yule anayefuata ng'ombe kwetu. Mara ya kwanza ndege hawa kuzaliana Uingereza ilikuwa hapa Somerset, mwaka 2008, na siku hizi majira ya baridi unakuta makundi. Niliwakuta asubuhi moja ya Januari karibu na Meare. Ng'ombe wachache walikuwa bado nje, mvuke unawatoka puani, na katikati ya miguu yao ndege weupe kumi na wanne wakitembea kwa ule mwendo wao wa kunyoosha shingo kila hatua. Mwendo ule nimeutazama tangu nina miaka minne, nikiwa nyuma ya ng'ombe wa baba. Nilizima gari. Nilikaa pale mpaka vioo vikaingia ukungu.

Korongo nao wamerudi. Upande huu wa nchi walikuwa wametoweka kwa karibu miaka 400. Kati ya 2010 na 2014 yaliletwa mayai kutoka Ujerumani, vifaranga wakalelewa kwenye kituo cha ndege cha Slimbridge na watu waliojifunika mavazi ya kijivu ili ndege wasizoee binadamu, wakiwalisha kwa kijiti chenye kichwa cha korongo. 93 wakaachiwa kwenye Levels. Ukisikia tarumbeta juu ya mashamba ya West Sedgemoor, ni wao. Huko huko maji yakitandaa utasikia pia bata wanaopiga mluzi kama mtoto aliyeona pipi. Ndio wanaoitwa wigeon.

Bunduki: kuna ndege wa jamii ya kuku anayeitwa pheasant, hufugwa na kuachiwa kwa ajili ya kuwindwa. Msimu wake ni 1 Oktoba hadi 1 Februari. Jumapili na siku ya Krismasi sheria inakataza kumwinda. Ukisikia milio na uko kwenye njia ya umma, endelea kwenye njia yako, usikatize shambani, na jionyeshe. Vaa kitu chenye rangi.

Na yule bwana wa mbwa. Mwanangu, mshale wa njano kwenye kigingi maana yake njia ni ya umma kwa miguu, na haki yako pale ni sawasawa na yake. Huna haja ya kumweleza mtu unakwenda wapi. Mimi nilikutana na kina yule miaka ya mwanzo. Nilikuwa nageuka nyuma. Siku moja sikugeuka, nikasema "habari za asubuhi" kwa sauti, nikapita. Wengi huitikia. Wasioitikia nimewaacha nyuma, na mbele kulikuwa na ndege.

Shida yako kubwa ni usafiri wa kurudi. Basi la kwenda Glastonbury mchana unalipata, lakini giza likishaingia usitembee barabara ya Ashcott: haina njia ya waenda kwa miguu na magari yanakwenda kasi. Kwa kwezi njoo na mwenye gari. Mimi nipo.

Otieno_Mcr

Sister, pole na baridi. Mimi niko Manchester mwaka wa nane, ushauri wangu ni mfupi: ngoja Mei. Kuna jua mpaka saa tatu usiku, njia zimekauka, na ndege wanaimba wenyewe. Desemba kaa ndani, pika, piga simu nyumbani. Kujitesa kwenye tope siyo lazima.

MzeeWaKipini

Otieno, Mei nzuri, sikatai. Lakini kwezi wale Mei wako Poland na Urusi, na bata wa mluzi wamekwenda kuzalia kaskazini. Na huyu mwanetu amesema amelia Februari. Mei iko mbali na Februari.

Manka_wa_Marangu

Dada, karibu. Mzee amemaliza ya ndege wa majini, mimi niseme ya vilima na nguo. Nakaa chini ya Mendip na natembea karibu kila wiki, mvua au isiwe mvua.

Nguo kwanza, kwa sababu ndiyo ilikuharibia siku. Jinzi ni pamba, na pamba ikiloa inashika maji na kukunyonya joto. Usivae pamba hata fulana ya ndani. Ndani vaa ya sufu nyembamba au ya michezo, katikati sweta la manyoya, juu koti la mvua lenye kofia. Suruali nyembamba ya michezo inayokauka haraka, na suruali ya plastiki juu yake. Mzura, glavu pea mbili (moja ibaki kavu mfukoni). Kwenye maduka ya mitumba ya hisani ya Taunton nimepata koti zuri sana mwaka juzi kwa bei ya chakula cha mchana. Fedha yako iweke kwenye viatu na soksi. Ham Wall gambuti zinatosha. Kilimani hapana, zinateleza na hazishiki kifundo. Darubini tafuta zilizoandikwa 8x42, hata zilizotumika. 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi kwa milimita, na huku kwenye mwanga hafifu huo upana unauhitaji.

Quantock unayoitazama dirishani ni pazuri pa kuanzia. Kilele chake ni Wills Neck, mita 384. Sisi wa Kilimanjaro tutaona ni kichuguu, lakini ukifika juu siku safi unaona bahari na Wales ng'ambo. Basi la Taunton kwenda Minehead linapita chini yake. Juu kuna njia ya kale ya kupitishia mifugo, miti mikubwa ya beech kulia na kushoto, mizizi imekumbatia tuta la mawe. Ukikuta mvua ya upepo hapo ndipo pa kujibanza. Kuna paa wakubwa wekundu, farasi wadogo wanaojilisha wenyewe, na kangaga zilizokauka zina rangi ya kutu kilima kizima.

Jifunze kusoma ardhi, itakupunguzia tope. Mfano Mendip: mabonde yake ni mawe ya chokaa, mvua inazama chini mapangoni na njia inakauka upesi. Lakini Black Down, ambapo ndipo juu kabisa, Beacon Batch, mita 325, ni jiwe la mchanga jekundu. Pale maji hayana pa kwenda. Kwa hiyo unapanda kwenye ukavu na kilele ndicho kinamasi. Mtu anayetoka kwetu anatarajia kinyume.

Sasa nikueleze kilichonipata, usije ukarudia. Januari, nilipanda Beacon Batch peke yangu kutoka Burrington Combe. Ramani nimeiacha garini, nategemea simu. Juu ukungu ukashuka kama shuka, simu ikazima kwa baridi. Nikafuata kijia nikidhani cha watu, kumbe cha kondoo, kikaishia kwenye majani marefu na maji. Nilizunguka, sijui dakika ngapi. Kisha nikaanza kuona vituta vidogo vya udongo, vimepangwa mstari, kimoja, kingine, kingine. Nikavikumbuka: ni vya Vita vya Pili, viliwekwa ili ndege za adui zisiweze kutua pale juu. Nikakaa nyuma ya kimoja kukwepa upepo. Mikono ilikuwa haifungi zipu tena. Wewe muuguzi, unajua hiyo ni dalili gani.

Nikiwa pale nikasikia kitu kama mawe mawili yanagonganishwa. Tak, tak. Kwenye ncha ya kichaka, hatua tano kutoka nilipo, kandege kadogo, kifua cha kahawia ya machungwa, kichwa cheusi, kanatingisha mkia. Huku wanakaita stonechat, kwa ajili ya mlio huo huo. Jamaa yake yuko kwetu juu ya Marangu, nimemwona tangu mtoto, na analia vilevile. Hakakuwa na wasiwasi wowote. Kalinitazama, kakaruka kichaka cha pili, kakatazama tena. Nilikula tende nilizokuwa nazo, nikapuliza vidole, nikatulia. Nilikuwa na dira ndogo ya mwanangu kwenye begi. Kaskazini ni Burrington, hilo nililijua. Nikaifuata dira bila kubishana nayo, nikatoka barabarani baada ya saa moja hivi.

Tangu siku hiyo sipandi bila ramani ya karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Chukua zile za jalada la machungwa za Ordnance Survey, namba 140 ni Quantock, 141 ni Mendip upande wa magharibi. Dira. Tochi ya kichwani. Firimbi: mipulizo sita kwa dakika, unapumzika dakika, unarudia, hiyo ni ishara ya kuomba msaada. Simu ni 999, omba polisi, kisha waambie unataka uokoaji wa milimani. Na saa 8 mchana geuka, hata kama kilele unakiona.

Mwanamke peke yake: mimi natembea peke yangu na sijadhuriwa. Ila namwachia mtu ujumbe niko wapi na nitarudi saa ngapi. Mara yako ya kwanza usiende peke yako. Jumatano huwa sina kazi. Niandikie ndani.

BintiPangani

Nashukuru sana, Mzee wangu na dada Manka. Nimesoma mara tatu. Nimeagiza darubini zilizotumika, na nimepata koti la kijani kwenye mitumba. Mzee, kama gari ina nafasi, Jumanne ijayo niko huru.

MzeeWaKipini

Nafasi ipo. Njoo na chai ya tangawizi, mahamri atapika mke wangu.

BintiPangani

Nimerudi, wapendwa. Ilikuwa jana. Naandika kabla sijasahau.

Mvua ilinyesha siku nzima. Dada Manka alikuja na mwanawe, Mzee akatuchukua kituoni. Njiani, kabla ya kufika Ham Wall, Mzee akapunguza mwendo bila kusema neno, akaonyesha kwa kidevu. Yangeyange saba, shambani, kondoo wamewazunguka. Sikuamini macho yangu. Shingo zimefichwa mabegani kwa baridi, lakini ni wao. Nyumbani wanalala kwenye mikoko ng'ambo ya mto, jioni wanapita juu ya paa letu wakienda kulala.

Kwezi hawakucheza. Nawaambia kweli ili mwingine asivunjike moyo. Mzee alisema mvua ikiwa nzito wanakwenda moja kwa moja kulala. Walikuja chini sana, kundi baada ya kundi, karibu kugusa kofia zetu, na kila kundi likipita unahisi upepo usoni. Mtoto wa dada Manka alikuwa anahesabu kwa sauti, akafika mia tatu akaacha. Hatukuona lile umbo linalopigwa picha. Watu waliokuwa nasi jukwaani waliondoka mapema wakilalamika.

Sisi tulibaki. Mzee akasali pembeni ya njia, juu ya mfuko wa plastiki, mimi nyuma yake. Tulipotoa salamu kulikuwa giza kabisa, mvua imepungua, na ndipo nikayasikia yale matete. Sijui niyaeleze vipi. Kama soko la samaki asubuhi ukilisikia kutoka mbali, kabla hujaona mtu: kila mmoja anasema lake, hakuna anayepiga kelele. Halafu kwa sekunde moja wote wananyamaza. Halafu wanaanza tena. Dada Manka akanimiminia chai, nikakishika kikombe kwa mikono miwili, tukasikiliza mpaka ikapoa.

Yule mzee wangu aliyeniambia habari za kwezi alisharuhusiwa kwenda kwake kabla ya Krismasi, kwa hiyo sina namna ya kumwambia. Ningependa ajue.

Leo usiku nina zamu, Jumatano ijayo niko huru. Dada Manka, kama ukungu hautakuwa mzito, Wills Neck? Soksi za sufu nimeshanunua, pea mbili, na ramani namba 140 iko mezani nimeikunjua, natafuta ile njia ya miti ya beech.